Ukucha wa Shemeji na Diski za Gari la Mikate

Katika miaka yote ya kuuza magari nimeshindwa mara moja tu kwenye biashara, na aliyenishinda hakuja na pesa wala wakili. Alikuja na ukucha. Ukucha mmoja, wa kidole gumba cha mkono wa kushoto, mrefu kuliko wenzake, uliopakwa rangi nyekundu iliyobanduka pembeni. Nikikumbuka siku ile, mpaka leo moyo unanienda mbio kama wa mtu aliyeona goli dakika ya mwisho, ingawa goli lenyewe nilifungwa mimi.

Nianze na mimi, nisionekane najificha. Madalali wa mtaa wetu wananiita Bei ya Mwisho, kwa sababu nikilitamka neno hilo huwa kuna bei nyingine tatu nyuma yake. Nilianza na matairi mitumba manne, nikayapanga kwenye ukuta wa jirani bila kumwomba ruhusa. Leo nina yadi, geti la chuma na magari yasiyopungua ishirini yakingoja wenyewe. Hakuna aliyenibeba. Kwa hiyo asije mtu akadhani namsifu mwanamke huyu kwa kuwa ni dada wa mke wangu. Undugu hauuzi gari. Namwandika kwa sababu alichonifanyia kilikuwa kizuri mno kukiacha kipotee.

Watu wanamwita Ukucha. Alikuwa mshonaji. Alipoachana na mumewe alifika kwetu na cherehani kichwani, mke wangu akampa chumba cha nyuma, akawa anashona sare za shule. Alizichukia kwa roho yake yote.

"Shemeji," aliniambia siku moja, "nimeshona kola za rangi moja mpaka naziota. Nikifa, nizikeni na rangi nyingine yoyote."

Nikamwonea fursa, si huruma. Nilikuwa na viti vya magari vilivyochanika, na fundi wa viti alikuwa ananinyonya. Nikamleta yadini ashone viti. Hapo ndipo hadithi ilipoanza, maana kando ya alipokaa kuliegemezwa diski kuukuu ya breki, iliyotolewa kwenye gari fulani ikasahauliwa.

Kwa asiyejua, diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana kushoto na kulia mpaka gari lisimame. Pedi zinaliwa, kila mtu anajua. Wengi hawajui kwamba diski nayo inaliwa, polepole, kama sabuni ya kuogea.

Shemeji alipitisha kidole gumba juu ya ile diski kama anavyopitisha kwenye kitambaa dukani, akauliza, "Mbona hii imechakaa gotini?"

"Diski ina goti?"

"Ina goti na ina pindo. Suruali ya mwanafunzi, shemeji, pindo huwa zima wakati goti limebaki nyavu. Gusa hapa ukingoni, pedi hazifiki, pamebaki nene. Hapa zinapobana, pamekwenda. Mwenye suruali anaangalia pindo, anajisifu, 'Bado nzima!' Akiinama tu, mtaa mzima unajua."

Nilicheka. Mafundi walicheka. Yeye hakucheka, alianza kuuliza. Kila gari lililofunguliwa tairi alikuwa amechuchumaa pembeni, anagusa, anauliza, anagusa tena. Mwaka haukuisha akawa anajua mambo ambayo mafundi walikuwa wanayabahatisha. Akauacha ushonaji wa viti, akaweka kigoda getini kwangu, chini ya bati alilolifunga mwenyewe kwa waya, akawa mtu wa kuitwa na wanunuzi. Miaka sita alikaa pale.

Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako umkatize. Kwanza hagusi kitu. Anamhoji dereva kama daktari.

"Ukishika breki kwenye mteremko, usukani unatetemeka?"

"Kidogo."

"Hakuna kidogo. Mguu je? Pedali inakurudishia, kama kuna mtu chini anagonga hodi?"

Akishapata majibu ndipo anaomba tairi litolewe. Anatazama rangi: chuma kikiwa na mabaka ya bluu kama mafuta juu ya maji, kimeungua. Anatafuta nyufa, hata zile nyembamba kama unywele. Mwisho kabisa analeta ukucha. Anauburuta kutoka katikati ya diski kwenda nje, taratibu, macho kafumba. Ukiteleza, diski ina afya. Ukiingia kwenye mifereji na kukwama, anafumbua macho na kusema neno moja: "Badilisha."

Neno hilo liliniharibia biashara tatu ndani ya mwezi mmoja. Tatu! Mnunuzi keshatoa mkono tupeane, Ukucha anasema badilisha, mkono unarudi mfukoni. Nilimwambia mke wangu, "Dada yako anakula mezani kwangu na kunimwagia mchuzi." Mke wangu akajibu, "Basi pika vizuri."

Ndipo likaja lile gari dogo la mizigo, jeupe, lililokuwa likisambaza soda. Nililinunua kwa bei ambayo ningeona aibu kuitaja, kama ningekuwa mtu wa kuona aibu. Nikiliendesha kulileta yadini, nikashika breki kwenye mteremko wa kwanza, usukani ukanitetemeka mikononi kama kuku aliyekamatwa. Nikajua: diski za mbele.

Diski mpya zina bei. Nikapiga hesabu za mtu mzima, nikalipeleka kwa Mkerezaji, fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma, duka lake la tatu kutoka kwangu.

"Nichonge kiasi gani?" akauliza.

"Mpaka ukucha wa shemeji uteleze."

Tulicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha chai. Halafu akataja bei, nami nikaishusha. Akataja nyingine, nikaishusha tena. Mwisho akashika kiuno. "Sikiliza, Bei ya Mwisho. Kwa pesa hiyo nitachonga pale pedi zinapopita tu. Ukingo siugusi. Kuubana na kuusawazisha ni kazi nyingine."

"Ukingo nani anautaka? Niachie ukingo wangu."

Kumbukeni maneno hayo. Niliyasema kwa mdomo wangu, tena kwa furaha.

Gari likarudi yadini linang'aa. Breki laini, usukani umetulia, diski zinameta kama vioo vya kinyozi. Siku ya tatu akaingia mteja: mwanamke mwoka mikate, miwani puani, unga bado uko kwenye kifundo cha mkono. Tanuri lake liko juu kilimani, maduka anayoyauzia yako chini, na kati yake kuna mteremko mrefu unaoishia kwenye makutano ya soko, mahali ambapo watu, mikokoteni na magari hugombea nafasi moja. Kila alfajiri angeshuka pale na trei za mikate nyuma yake. Akalizunguka gari mara mbili, akalipenda, akaficha kuwa amelipenda. Nikamheshimu papo hapo.

"Nalitaka," akasema. "Ila aitwe yule mama wa getini alipime."

Jamani, damu ilinichemka kwa raha! Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa naingoja. Nikapaza sauti madalali wote wasikie, maana mtego bila watazamaji hauna ladha.

"Shemeji! Njoo na ukucha wako! Leo tuwekeane sharti!"

Akaja anajifuta mikono. "Sharti la nini, Bei ya Mwisho? Au umechoka kuuza?"

"Ukisema diski za gari hili ni mbovu, na zikathibitika nzima, kigoda chako kinatoka getini. Kinarudi chumba cha nyuma, kwenye cherehani na sare zako. Hugusi tena gari la mteja wangu."

Madalali wakatazamana. Mke wangu, aliyekuwa ameniletea chakula cha mchana, akasimama na bakuli mkononi kama kashikwa na umeme. Walijua wote maana yake. Mwanamke yule getini alikuwa mtu. Watu walimpigia simu kutoka mitaa ya mbali. Chumba cha nyuma kingemrudisha kuwa mgeni wa dada yake, na kola za rangi moja.

Alilitazama gari, akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu.

"Na nikipatia?"

"Sema unachotaka."

"Kigoda kinaingia ndani. Kile kibanda unachowekea matairi, chenye taa na mlango. Kiwe changu. Na hakuna gari litakalotoka getini humu kabla sijaligusa."

"Nimekubali!" Mtu mwenye ushindi mfukoni hukubali chochote.

Jeki ikapanda, nati zikalegezwa, tairi likatoka. Ile diski ikameta juani mpaka mwoka mikate akakinga macho. Shemeji akachuchumaa, akafumba macho, akaweka ukucha, akauburuta.

Ukateleza. Ulipita kama mtoto kwenye sakafu iliyopakwa nta. Madalali wakapiga miluzi. "Umepatikana leo, mama!" mmoja akapaza sauti. "Fungasha kigoda!"

Yeye aliendelea kwenda nje, pole pole, mpaka mwisho wa njia ya pedi. Hapo ukucha ukagota. Akafumbua macho.

"Gari hili lina umri gani?"

"Mtu mzima," nikasema.

"Mtu mzima hana uso wa kitoto. Diski hii imechongwa. Na hapa ina pindo refu. Badilisha."

Ndipo nikatoa silaha yangu. Nilikuwa nimeazima kwa Mkerezaji kile kipimo cha chuma chenye taya mbili ndefu, kinachobana kitu na kusoma unene wake kwa milimita. Lakini kabla sijakitumia, shemeji mwenyewe akaniongezea ushindi: akachukua brashi ya waya, akasugua kutu kwenye kitovu cha diski mpaka maandishi ya kiwandani yakatokea.

"Mama wa mikate, una miwani. Soma hapo."

"Ishirini na mbili."

"Huo ndio unene wa chini kabisa. Ikipungua hapo, walioitengeneza wenyewe wanasema itupe."

"Vizuri sana!" nikasema. Nikabana diski kwa zile taya, nikamgeuzia mteja kipimo. "Na hapa soma mwenyewe, mama. Wasije wakasema nimesoma kwa macho ya muuzaji."

Akasogeza miwani. "Ishirini na nne."

Mnajua kelele ya uwanja mpira ukiingia wavuni? Ndiyo ile. Madalali wakanibeba juu juu. "Ishirini na nne!" nilipiga kelele. "Milimita mbili za ziada! Shemeji, cherehani inakuita!" Mke wangu aliweka bakuli langu chini, kwenye vumbi, na mwanamke akikuwekea chakula kwenye vumbi umepewa taarifa.

Ukucha alikuwa bado amechuchumaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliutazama ule ukucha wake kama mtu anayetazama rafiki aliyemsema vibaya. Akanyoosha mkono. "Nipe hicho chuma chako."

Nikampa. Ya nini nimnyime?

Akakigeuzageuza. Akakirudisha kwenye diski, asikibane, akainamisha kichwa kukitazama kwa ubavu. Kisha akaanza kutabasamu, taratibu, tabasamu la mshonaji aliyeona mahali mkasi ulipokosea.

"Shemeji, taya hizi zimekaa wapi?"

"Juu ya diski."

"Juu ya pindo. Zimekanyaga ukingo wa huku na ukingo wa kule. Chini yake kuna uwazi, mama wa mikate njoo uchungulie, unaona mwanga unapita? Umepima pindo la suruali, shemeji yangu, unatuambia goti ni zima."

"Chuma hakisemi uongo!"

"Hakijasema. Kimejibu ulichokiuliza." Akageukia watu. "Nipeni sarafu mbili zinazofanana. Niweke moja huku, moja kule, hapa pedi zinapopita. Taya zitabana sarafu badala ya ukingo. Tutatoa unene wa sarafu, kitakachobaki ni diski yenyewe."

Mifuko ikapekuliwa. Simu zilitoka, funguo zilitoka, mmoja akatoa kitana cha nywele. Sarafu? Mmoja alikuwa nayo moja. Mwingine alikuwa na ya aina nyingine. Siku hizi kila mtu analipa kwa simu. "Yadi nzima ya wafanyabiashara," mwoka mikate akasema, "sarafu mbili hazipatikani!"

Nikafungua mdomo kusema basi, sharti limekwisha. Nikaona shemeji ananitazama kifuani. Nilikuwa nimevaa shati jipya, la kazi nzito, lenye vifungo vipana, bapa, vinene.

"Shemeji, usisogee."

"Unafanya nini?"

"Usisogee, nisije nikakukwaruza."

Kwa ukucha uleule akakata uzi. Kifungo cha kwanza. Cha pili. Tumbo langu likatoka nje kusalimia watu, na kicheko kilichopigwa pale kilisikika, naapa, mpaka kwa Mkerezaji, maana alifika mbio na kikombe chake cha chai.

Akavibana vifungo viwili pamoja kwenye kipimo. "Soma, mama."

"Tano. Milimita tano."

Akavipachika, kimoja kila upande wa diski, pale palipong'aa. Akasogeza taya, akabana. Watu wakasogea karibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi bila kujijua, shati wazi, shingo imenyooka.

"Soma."

"Ishirini na tano," mwoka mikate akasema.

"Toa vifungo."

"Ishirini." Akarudia polepole, akiigeuzia ile namba ya kiwandani macho. "Ishirini. Na wao wameandika ishirini na mbili."

"Badilisha," akasema Ukucha, na uwanja ukalipuka! Madalali walewale walionibeba wakamnyanyua yeye na kigoda. Mkerezaji akanyoosha kidole: "Nilikwambia! Nilikwambia kwa pesa ile ukingo siugusi!" Ndiyo. Kama ningemlipa alichotaka, angeusawazisha ukingo, na kipimo changu kingesema ukweli siku ileile kwenye duka lake. Nilipatana bei mpaka nikajipatia kipigo.

Mwoka mikate hakushangilia. Aliuliza, "Ningeshuka nazo mlimani, ingekuwaje?"

"Siku ya kwanza, salama," shemeji akasema. "Lakini chuma chembamba hakibebi joto. Mteremko mrefu, mzigo nyuma, mguu kwenye breki, kinachemka, kinapinda. Usukani unaanza kutetemeka. Ukizidi kukiminya kinaweza kupasuka."

Yule mama akanigeukia. "Kwa hiyo ulitaka mikate yangu ifike sokoni kabla yangu?"

Nikageukia kazi ninayoijua, kupatana. "Shemeji," nikasema, "sharti ni sharti. Ila kibanda kina matairi mengi. Tufanye mwezi mmoja bado uko getini, halafu..."

"Kibanda."

"Wiki mbili."

"Kibanda. Na gari hili linafungwa diski mpya za mbele, mbili, kushoto na kulia, na pedi mpya juu yake. Pedi kuukuu kwenye diski mpya ni kiraka cha zamani kwenye nguo ya harusi."

"Hiyo ndiyo bei ya mwisho?"

"Mimi ninayo moja tu," akasema.

Diski mpya zilifungwa alasiri ileile, yeye amesimama juu ya fundi kama mama mkwe. Kisha tukaenda mlimani kulijaribu. Mwoka mikate kwenye usukani, Ukucha kando yake, mimi nyuma kati ya trei tupu, nimeshika shati kwa mkono. Tulipoanza kushuka nilisikia trei zinagongana, maduka yanapita mbio dirishani, makutano yanatujia. "Kanyaga," shemeji akasema. Gari likapungua. "Achia. Kanyaga tena." Mara tano, mara sita, mpaka harufu ya pedi mpya ikatufikia puani, na usukani haukutikisika, umetulia kama maji kwenye beseni. Tulisimama kabla ya makutano, hatua ishirini kamili kutoka kwa mkokoteni wa kwanza. Mwoka mikate akapiga honi bila sababu. Mimi nikapiga kelele. Nakiri: nilipiga kelele kama mtoto. Alinunua gari papo hapo, kwa bei ambayo nilimpa bila kuizungusha, kwa sababu upepo wa kuzungusha ulikuwa umeniishia.

Asubuhi iliyofuata nilihamisha matairi kwa mikono yangu. Msinionee huruma. Ndani ya miezi mitatu watu walikuwa wanapita yadi nne kuja kununua kwangu, kwa kuwa hakuna gari linalotoka bila Ukucha kuligusa, nami nikapandisha bei ipasavyo. Hata kipigo kina faida ukijua kukiuza. Ila mke wangu amekataa kunishonea vifungo vipya mpaka leo. "Mwombe mshonaji," anasema. Na mshonaji amevitunga vile viwili kwenye uzi mwekundu, anatembea navyo mfukoni. Nimetaka kuvinunua. Hauzi.

Siku ile ya kuhamia, kigoda kilipokuwa kimeshawekwa chini ya taa, alijinyoosha mgongo, akatazama yadi yote kama mwenye nyumba.

"Haya. Tuanze na gari lipi?"

"Chagua."

"Lako. Lile unalowapelekea watoto shule."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Tairi likatoka, macho akafumba, ukucha ukaanza safari yake kutoka katikati. Nusu ya njia nikasikia sauti: krrr. Ukagota.

Akafumbua macho, akanitazama kifuani. Nami siku hiyo nilikuwa nimejihami. Nilivaa fulana, isiyo na kifungo hata kimoja. Nikanyoosha mikono kumwonyesha.

"Umechelewa, shemeji," akasema, akaingiza mkono mfukoni, akautoa ule uzi mwekundu. "Leta kipimo."